Kitabu cha Tatu: Historia ya Kungoja Riwaya za Dragonlance

Utangulizi

Mwaka 2011 baba yangu alinunua kitabu cha mtumba kando ya barabara mjini Kampala. Alikichagua kwa sababu kilikuwa kinene na bei yake ilikuwa ndogo. Kiliitwa Dragons of Winter Night, yaani Majoka wa Usiku wa Kipupwe, na kiliandikwa na Wamarekani wawili, Margaret Weis na Tracy Hickman. Baba hakujua kwamba hicho kilikuwa kitabu cha pili kati ya vitatu. Cha kwanza hatukuwa nacho, wala cha tatu.

Baba alikuwa askari, nasi tuliishi kambini mashariki mwa Uganda, katika nyumba ya bati ya mviringo. Kambini watu hutoka makabila mengi, kwa hiyo lugha ya watoto ilikuwa Kiswahili. Kila jioni baba alisoma kurasa chache kwa Kiingereza, kimya kimya, kisha akatusimulia kwa Kiswahili mimi na wadogo zangu wawili. Tulipofika karibu na mwisho, Sturm, yule farisi tuliyempenda kuliko wote, aliuawa juu ya ukuta wa ngome. Mdogo wangu wa mwisho alilia hadi akapata kwikwi. Baba akafunga kitabu, akatuambia, "Ngojeni, wanangu. Kitabu cha tatu kinakuja."

Hakikuja. Kila aliposafiri kwenda Kampala alikitafuta, na kila aliporudi tulimpokea mzigo tukiangalia kwanza ndani ya mfuko wake. Mwishowe alichoka na maswali yetu, akatusimulia kitabu cha tatu kutoka kichwani mwake. Alifariki mwaka 2014 bila kukiona chenyewe.

Nilipomwambia mhadhiri wangu kwamba ninataka kuandika insha ya historia kuhusu watu wanaongoja riwaya, aliniuliza, "Hiyo ni historia au ni ushabiki?" Swali hilo lilinisaidia. Jibu langu ni kwamba kungoja kuna historia kama mambo mengine yote. Kuna tarehe zake, mikataba yake, viwanda vyake vya uchapaji na hata kesi zake mahakamani. Katika insha hii nitaonyesha kwamba katika ulimwengu wa kubuni wenye waandishi wengi, mwenye kumiliki, mwenye kuandika na mwenye kungoja ni watu watatu tofauti. Historia ya Dragonlance ni historia ya mvutano wa watu hao watatu.

Ulimwengu wa pamoja ni nini?

Kwa kawaida riwaya ina mwandishi mmoja na ulimwengu wake huisha pale mwandishi anapoweka kalamu chini. Ulimwengu wa pamoja ni tofauti. Hapo waandishi kadhaa hukubaliana kutumia nchi ileile, miungu ileile, vita vilevile, na mara nyingi wahusika walewale. Alichokiandika mmoja kinamfunga mwenzake. Mmoja akiuchoma mji, mwingine hawezi kuanzisha harusi katika mji huo mwaka unaofuata bila kueleza nani aliujenga upya.

Jambo hili halikuanza na Dragonlance. Katika miaka ya 1920 na 1930 mwandishi wa Marekani H. P. Lovecraft na rafiki zake walikuwa wakiazimana majina ya miungu na vitabu vya kubuni katika hadithi zao za kutisha. Lakini huo ulikuwa mchezo wa marafiki, haukuwa na kanuni zilizoandikwa. Mwaka 1979 Robert Lynn Asprin alihariri kitabu kiitwacho Thieves' World. Aliwaalika waandishi mbalimbali kuandika hadithi zinazotokea katika mji mmoja wa kubuni, Sanctuary. Kila mwandishi alileta mhusika wake, na wengine waliruhusiwa kumtumia, ila hawakupaswa kumharibia mwenziwe mhusika huyo. Kwa wengi hicho ndicho kitabu kilichofungua njia.

Hata hivyo, kwa Lovecraft na kwa Asprin, walioshirikiana walikuwa waandishi wenyewe. Dragonlance ilileta kitu kingine. Mwenye ulimwengu sasa alikuwa kampuni.

Kuzaliwa kwa Krynn

Kampuni hiyo iliitwa TSR. Ilianzishwa mwaka 1973 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwaka 1974 ikatoa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika mchezo huo watu huketi mezani, mmoja akawa msimulizi na wengine wakawa wahusika, na dadu huamua kama upanga umempata adui au umekosa. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezaji hakuwa msikilizaji tu. Alikuwa mmoja wa watungaji. Jambo hili tulikumbuke, maana litarudi mwishoni mwa insha.

Mwaka 1982 Tracy Hickman alipata kazi TSR. Yeye na mkewe Laura walisafiri kwa gari kutoka Utah hadi Wisconsin, na katika safari hiyo ndefu walizungumza juu ya ulimwengu ambao majoka wangekuwa kiini chake. Mwaka 1983 Margaret Weis aliajiriwa na kampuni hiyohiyo kuwa mhariri wa vitabu. Mpango ulikuwa kutoa michezo kadhaa ya mfululizo pamoja na riwaya zinazosimulia kisa kilekile. Mwandishi aliyepewa kazi ya riwaya hapo kwanza hakufaa, basi Weis na Hickman wakaandika sura za mwanzo wenyewe, wakawaonyesha wakubwa wao, wakapewa kazi.

Riwaya ya kwanza, Dragons of Autumn Twilight, ilitoka mwaka 1984. Mwaka 1985 zikafuata Dragons of Winter Night na Dragons of Spring Dawning. Kisa kinatokea katika ulimwengu uitwao Krynn. Watu wa Krynn wanaamini kwamba miungu iliwaacha baada ya maangamizi makubwa. Marafiki wa zamani wanakutana tena baada ya miaka 5 katika nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti, na kabla hawajamaliza kusalimiana vita vinawakuta. Miongoni mwao wamo Tanis aliye chotara, mapacha Caramon na Raistlin, mmoja askari mwenye nguvu na mwingine mchawi mgonjwa, na Sturm, farisi anayeshika kiapo ambacho mafarisi wengi wa wakati wake wamekisahau.

Hapa nataka msomaji aangalie jambo moja. Weis na Hickman waliandika wakiwa waajiriwa, kwa hiyo hakimiliki ilikuwa ya TSR. Majina yao yalikuwa juu ya jalada, lakini Krynn haikuwa yao. Wakati ule hilo halikuonekana kuwa tatizo. Vitabu viliuzwa, watu wakataka vingine, na mwaka 1986 waandishi haohao wakatoa riwaya nyingine tatu juu ya mapacha wale wawili. Baadaye kidogo waliondoka TSR, wakaenda kuandika riwaya zao kwa wachapishaji wengine.

Kalamu nyingi, ulimwengu mmoja

Kama Krynn ingekuwa ya waandishi wake, ingeondoka pamoja nao. Lakini ilikuwa ya kampuni, na kampuni iliwapa wengine kalamu. Mwaka 1988 Richard Knaak alitoa The Legend of Huma, juu ya farisi wa kale ambaye katika riwaya za kwanza alitajwa tu kama jina la masimulizi. Michael Williams, Douglas Niles, Mary Kirchoff, Nancy Varian Berberick na wengine wengi wakafuata. Hadi ulimwengu huo uliponyamaza, riwaya zake zilikuwa zimepita 150.

Kwa mashabiki, wingi huo ulibadilisha maana ya kungoja. Mtu anayengoja kitabu cha mwandishi mmoja hujiuliza, "Atamaliza lini?" Mtu anayengoja kitabu cha ulimwengu wa pamoja hujiuliza pia, "Nani kapewa? Anaijua historia yetu?" Naandika "historia yetu" kwa makusudi. Mashabiki waliopanga tarehe za vita vya Krynn, wakachora ramani na kulinganisha riwaya moja na nyingine, walikuwa wakifanya kazi ambayo sisi wanafunzi wa historia tunaifahamu. Waliuliza ni chanzo gani kinaaminika pale vyanzo viwili vinapopingana. Mara nyingine waliijua Krynn kuliko mwandishi aliyepewa kuiandika.

Mwaka 1995 Weis na Hickman walirudi na Dragons of Summer Flame. Mashabiki walikuwa wamewangoja kwa karibu miaka 10, ukiacha kitabu cha hadithi, The Second Generation, kilichotoka mwaka 1994. Walipata riwaya ambayo mwisho wake uliwashtua wengi. Miungu inaondoka tena, na uchawi ule wa zamani unaondoka nao. Mwaka 1996 kampuni ikatoa mchezo mpya wa Krynn usiotumia dadu bali karata, na mwandishi Jean Rabe akapewa riwaya tatu za kusimulia zama hizo mpya zenye majoka wakubwa mno. Baadhi ya wasomaji walifurahia. Wengine waliona kwamba nyumba waliyoizoea imevunjwa wakiwa bado ndani.

Kisha ikatokea kungoja kwa aina nyingine kabisa. Mwishoni mwa 1996 TSR ilikuwa na madeni makubwa. Vitabu vingi visivyouzwa vilirudishwa na msambazaji, na pesa za kulipia uchapaji hazikuwapo. Katika miezi ya mwanzo ya 1997 TSR haikuweza kutoa vitabu vipya. Waandishi walikuwa wameandika, wahariri walikuwa wamehariri, na wasomaji walikuwa tayari na pesa zao, lakini mitambo ilikuwa kimya. Mwaka huohuo kampuni ya Wizards of the Coast, iliyotajirika kwa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, iliinunua TSR. Mwaka 1999 Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya watoto vya kuchezea, ikainunua Wizards of the Coast. Hivyo ndivyo Krynn, miungu yake na makaburi yake, ilivyopita mikono mitatu katika miaka 3, na hakuna msomaji aliyeulizwa.

Kati ya 2000 na 2002 Weis na Hickman waliandika riwaya nyingine tatu. Ndani yake walieleza kwamba miungu haikuondoka kwa hiari. Ulimwengu wenyewe ulikuwa umeibwa na mungu mmoja mwovu aitwaye Takhisis. Kwa njia hiyo walirudisha mengi yaliyopotea bila kufuta yaliyoandikwa na wengine. Mimi naliona hilo kuwa jambo la busara. Katika ulimwengu wa pamoja huwezi kusema kwamba kitabu cha mwenzako hakikuandikwa. Unaweza tu kukipa maelezo mapya, kama mwanahistoria anavyofanya anapopata ushahidi mpya juu ya tukio la zamani.

Kimya na kesi

Baada ya mwaka 2010 riwaya mpya za Dragonlance zilikauka. Hapakuwa na tangazo la kifo. Kila mwaka ulipita na kitabu hakikutoka. Baba alinunua kile kitabu chake cha mtumba katika kipindi hichohicho, bila kujua. Alipokuwa akitafuta kitabu cha tatu kando ya barabara za Kampala, huko Marekani nako wasomaji walikuwa wakiulizana kama watapata kingine.

Mwezi Oktoba 2020 habari zikaja kutoka mahali ambapo shabiki hakutazamia, yaani mahakamani. Weis na Hickman waliishtaki Wizards of the Coast katika mahakama ya shirikisho ya jimbo la Washington. Katika hati ya mashtaka walidai kwamba mwaka 2019 walikuwa wamefikia mkataba wa kuandika riwaya tatu mpya kwa leseni ya kampuni, na kwamba walikuwa na mkataba na wachapishaji Penguin Random House. Walidai pia kwamba mwezi Agosti 2020 kampuni iliwaambia haitaidhinisha tena rasimu zao, bila sababu ya kutosha. Waliomba fidia isiyopungua dola milioni 10.

Kwa shabiki, hati hiyo ilikuwa habari njema na mbaya kwa pamoja. Ilimwambia kwamba riwaya ipo na imeandikwa, na papo hapo ikamwambia kwamba huenda asiisome kamwe. Wizards of the Coast ilikuwa na haki ya kumiliki. Waandishi walikuwa na maneno waliyoyaandika. Hakuna aliyeweza kuuza kitabu peke yake. Mwandishi bila leseni hawezi kutumia jina la Krynn, na kampuni haiwezi kuchukua maneno ya mwandishi ikayafanya yake bila makubaliano. Yule wa tatu, anayengoja, hakuwa na nafasi mahakamani. Sheria haina kiti cha msomaji.

Mwezi Desemba 2020 waandishi waliiondoa kesi wenyewe, wakibakiza haki ya kuifungua tena. Mahakama haikutoa hukumu juu ya nani alikuwa na haki. Mwezi Agosti 2022 riwaya ya kwanza, Dragons of Deceit, ikachapishwa. Dragons of Fate ilifuata mwaka 2023 na Dragons of Eternity mwaka 2024. Kwa msomaji aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1984, kitabu hicho cha mwisho kilimkuta akiwa na miaka 55.

Kitabu cha tatu cha baba

Sasa narudi kambini. Mwaka 2019, miaka 5 baada ya msiba, nilikuta Dragons of Spring Dawning kwenye turubai la muuza vitabu mjini Kampala. Nilikinunua bila kuomba kupunguziwa bei. Nilikisoma kwa siku mbili, na nilipomaliza nilikasirika. Hakikuwa kitabu cha tatu tulichokijua.

Katika kitabu cha tatu cha baba, Sturm alikufa lakini hakuanguka. Alipiga goti juu ya ukuta, upanga mkononi, macho yakiwatazama adui. Majoka walimwona, wakadhani yu hai, wakaogopa kukaribia. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na watu wa ndani ya ngome wakapata muda wa kuokoa watoto wao. Adui walipojua kwamba ni maiti walikuwa wamechelewa. Baadaye akatokea kijana mmoja asiyemjua baba yake, akaja kuuchukua ule upanga, na vita vikaendelea hadi ushindi.

Hakuna lolote kati ya hayo ndani ya kitabu cha Weis na Hickman. Niliona kama baba alitudanganya, ingawa nilijua kwamba si haki kumwita marehemu mwongo kwa sababu ya hadithi ya kuwalaza watoto.

Mambo mawili yalinibadilisha mawazo. La kwanza nililipata darasani hapa chuoni, katika somo la fasihi ya Kiswahili. Tulisoma habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye Muhamadi Kijumwa alitunga utenzi wake mwaka 1913. Liyongo anachomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anatoka na kwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale katika upinde, na anakufa hivyohivyo. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Niliposikia hayo niliweka kalamu chini. Niliporudi nyumbani likizo nilimuuliza mama. Akacheka, akasema, "Baba yako alifanya mafunzo na mwenzake aliyelelewa Mombasa. Usiku wa lindo huyo ndiye aliyekuwa akiwahadithia."

Basi kitabu cha tatu cha baba kilikuwa na chanzo. Alichukua farisi wa Krynn, akampa kifo cha Liyongo. Alifanya kile ambacho Knaak, Niles na Berberick walifanya, ila yeye hakuwa na leseni, na wasomaji wake walikuwa watatu. Liyongo naye ni shujaa wa pamoja. Kabla na baada ya Kijumwa, washairi na wasimulizi wengi wamemsimulia, na hakuna kampuni iliyowauliza kibali. Tofauti ya Liyongo na Sturm haiko katika ushujaa wao. Iko katika karatasi za hakimiliki.

La pili nililipata nilipokuwa nikisoma kwa ajili ya insha hii. Katika The Second Generation, kile kitabu cha hadithi cha 1994, Weis na Hickman walieleza kwamba Sturm aliacha mtoto wa kiume, Steel Brightblade, aliyelelewa bila kumjua baba yake. Mama yake ni Kitiara, yuleyule mwanamke aliyemuua Sturm ukutani. Baba hakuwahi kukiona kitabu hicho. Alimbuni yule kijana kwa sababu watoto wake walikuwa wanalia, na alijua kwamba shujaa wa namna ile hawezi kuachwa bila mrithi. Miaka karibu 20 kabla yake, waandishi wenyewe walikuwa wameona hivyohivyo. Sisemi kwamba hiyo ni miujiza. Nasema kwamba mtu aliyeisikiliza hadithi vizuri anaweza kujua inadai nini, hata kama hakimiliki si yake.

Riwaya ya 2022 niliazimwa na rafiki, nami niliisoma kwa tahadhari. Inamhusu Destina Rosethorn, binti wa farisi aliyekufa katika vita vilevile vya Dragons of Winter Night, penye ukuta uleule. Baada ya kifo cha baba yake anapoteza ngome na mashamba ya ukoo. Anaamua kutafuta kifaa cha kusafiria katika wakati, arudi nyuma, amwokoe baba yake. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Nasi tulihama ile nyumba ya bati baada ya mazishi, kama ilivyo desturi ya kambini, na mama alibeba vitabu ndani ya sufuria kubwa ili visilowe na mvua.

Lakini mimi ni mwanafunzi wa historia, na somo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba yaliyopita hayabadilishwi. Kinachobadilika ni tunavyoyaelewa. Destina anataka kubadilisha tukio. Mimi nimebadilisha maelezo tu. Zamani nilisema kwamba baba alitudanganya juu ya kitabu cha tatu. Sasa nasema kwamba alikiandika.

Hitimisho

Nilianza kwa kusema kwamba katika ulimwengu wa pamoja kuna watu watatu: mwenye kumiliki, mwenye kuandika na mwenye kungoja. Historia niliyoieleza inaonyesha mambo matatu juu yao. Kwanza, mmiliki hubadilika. TSR iliondoka, Wizards of the Coast ikaja, Hasbro ikaja, na Krynn ikabaki. Pili, mwandishi anaweza kuondoka na kurudi, na anaporudi hukuta alama za wenzake ambazo hawezi kuzifuta. Tatu, anayengoja ndiye anayeuweka ulimwengu hai pale wawili wale wanaponyamaza. Baada ya 2010 hakuna kampuni iliyokuwa ikiishughulikia Krynn kwa riwaya mpya. Aliyekuwa akiishughulikia ni msomaji aliyekuwa bado anauliza, na katika nyumba moja ya bati, askari mmoja aliyekuwa akijibu.

Kwa hiyo kwa mhadhiri wangu jibu ni hili: ni historia, na ni ushabiki pia. Mwanahistoria wa vitabu akiwahesabu wachapishaji na waandishi peke yao, atakuwa ameacha nje watu wengi kuliko wote. Na watu hao huacha ushahidi mchache, kwa sababu wanachokitunga wakati wa kungoja hakichapishwi. Hubaki vichwani mwa watoto.

Wadogo zangu nimewasomea Dragons of Spring Dawning kama kilivyoandikwa. Walisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha yule wa mwisho, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, akasema, "Dada, hicho ni kizuri. Sasa tuhadithie kile cha baba." Nikamhadithia. Hicho nacho nimekiandika katika daftari, ili asije mtu siku moja akakingoja bure.